Tanki la Pili: Maji na Mafuta ya Mbio katika Injini za Tabo

Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilianza kuuza gari lililohitaji kujazwa vitu viwili: petroli nyuma, na kimiminika kingine kwenye chupa iliyokaa chini ya boneti. Gari hilo liliitwa Jetfire. Kimiminika chenyewe kilipewa jina la mbwembwe, Turbo-Rocket Fluid, ingawa ndani yake hamkuwa na roketi yoyote: ni maji safi kama yale ya betri, methanoli kwa kiasi hichohicho, na dawa kidogo ya kuzuia kutu.

Sababu ya chupa ile inajulikana kwa kila fundi aliyewahi kufungua injini ya tabo iliyotoboka pistoni. Tabo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, na hewa ikibanwa hupata joto. Joto likizidi, sehemu ya mchanganyiko ambayo mwali wa plagi haujaifikia hulipuka yenyewe. Hapo injini hugonga, na ikiachwa igonge haidumu. Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kutumia mafuta magumu kulipuka ovyo, yenye okteni ya juu. Ya pili ni kupooza hewa kwa kunyunyiza maji, kwa kuwa kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya joto zaidi ya mara sita ya lile linalonyonywa na kilo ya petroli. Methanoli hunyonya karibu nusu ya maji, lakini yenyewe huwaka, ina okteni ya juu, na huyazuia maji yasigande kwenye baridi.

Ukizifuata tiba hizi mbili tangu zilipoanza kushindana, utaona kwamba ushindi haukutegemea sana hesabu za joto. Aliyekuwa na mafuta mazuri aliyatumia. Aliyekosa alitafuta maji.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoweka jambo hili wazi. Wakati wa kiangazi cha 1940, ndege za Spitfire na Hurricane za Uingereza zilikuwa zimekwisha kupata petroli ya okteni 100. Kwa mafuta hayo, presha ya injini yao ya Merlin iliweza kupandishwa kutoka pauni 6.25 hadi 12 bila kuiharibu. Wamarekani nao walijiandaa mapema: Jimmy Doolittle, rubani maarufu aliyefanya kazi Shell katika miaka ya 1930, aliishawishi kampuni hiyo iwekeze kwenye petroli ya okteni 100 wakati wateja wake walikuwa wachache.

Wajerumani hawakuwa na neema hiyo. Sehemu kubwa ya petroli yao ya ndege ilitengenezwa kwa makaa ya mawe, na daraja la kawaida, B4, lilikuwa la okteni 87 tu. Jibu lao lilikuwa MW 50, yaani nusu methanoli, nusu maji kasoro kidogo, na nusu ya asilimia mafuta ya kuzuia kutu. Katika Messerschmitt Bf 109 tanki lake lilikaa nyuma ya rubani. Akilifungulia, injini ya DB 605 ilipanda kutoka nguvu farasi 1,475 hadi kama 1,800. Lakini aliruhusiwa dakika 10 tu kwa mkupuo, kisha aipumzishe injini angalau dakika 5, na plagi zilichakaa upesi. Mtu anayefukuzwa angani huku akihesabu dakika si wa kuonewa wivu.

Hata hivyo maji hayakuwa ya maskini peke yao. P-47 Thunderbolt ya Marekani, ndege yenye tabo halisi iliyofungwa nyuma ya rubani, ilikuwa na petroli nzuri na bado ikapewa mchanganyiko wa maji na alkoholi. Nguvu farasi 2,000 zikawa kama 2,300. Yaani tiba zile mbili zinaweza kutumika pamoja, jambo ambalo wabishi wa gereji husahau hadi leo.

Oldsmobile iliuchukua ujuzi huo wa anga na kumkabidhi raia wa kawaida. Injini ya Jetfire, V8 ya alumini ya lita 3.5, ilibana mchanganyiko kwa uwiano wa 10.25 kwa 1, kiwango kikubwa mno kwa tabo ya zama zile, ikatoa nguvu farasi 215. Mwaka huohuo wa 1962 Chevrolet ilileta Corvair yenye tabo, ikashusha tu kompresheni na kuachana na habari za chupa. Oldsmobile ilijaribu kujihami: taa iliwaka kumkumbusha dereva, na chupa ikikauka, vali ilipunguza presha ili injini isijiue.

Watu hawakujaza. Mnunuzi alikuwa amezoea petroli na oili. Kitu cha tatu hakikuwemo katika mazoea yake. Malalamiko ya gari kukosa nguvu yalirundikana, hadi Jetfire nyingi zikapelekwa gereji kung'olewa tabo na kufungwa kabureta ya kawaida. Kwa miaka miwili zilitengenezwa 9,607, kisha basi.

Katika mbio za Formula One ubishi ulirudi kwa kishindo baada ya Renault kuingiza tabo mwaka 1977. Renault na Ferrari zote zilijaribu maji. BMW, iliyokuwa na injini ndogo ya silinda nne katika Brabham, ilikwenda kwa wanakemia wa kampuni ya BASF. Mafuta yao yalijaa toluini, kemikali inayojulikana zaidi kwa mafundi wa rangi, na Oktoba 1983 huko Kyalami, Afrika Kusini, Nelson Piquet akawa bingwa wa kwanza wa dunia mwenye injini ya tabo.

Mwaka uliofuata maji yaliingia kwenye kashfa, tena kwa timu isiyo na tabo. Tyrrell iliyasingizia maji ya kupooza injini ili kujaza tanki karibu na mwisho wa mbio na kuongeza uzito kabla ya gari kupimwa. Katika maji hayo wakaguzi walikuta gololi za madini ya risasi. Timu ikafutiwa matokeo ya msimu mzima.

Honda ndiyo iliyoifikisha kemia kileleni. Mafuta yake ya 1988 yalikuwa asilimia 84 toluini na asilimia 16 heptani. Heptani ina okteni sifuri. Iliwekwa makusudi kuishusha toluini hadi kwenye kikomo cha kanuni, okteni 102. Kwa kuwa toluini ni nzito kugeuka mvuke, mafuta yalipashwa moto kabla ya kuingia kwenye injini. McLaren ya Ayrton Senna na Alain Prost, iliyofungwa injini hiyo, ilishinda mbio 15 kati ya 16.

Magari ya rali hayakuyaacha maji. Toyota Celica, ukoo ulioshinda Safari Rally mwaka 1990 na kisha mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995, ilitoa toleo la ST205 ambalo magari 2,500 yalijengwa kwa ajili ya kutimiza sheria za mashindano, yakiwa na mfumo wa kunyunyiza maji tangu kiwandani.

Mwaka 2015 BMW ilirudi palepale Oldsmobile iliposhindwa. M4 GTS ilikuwa na tanki la lita 5 kwenye buti, maji matupu bila methanoli, na injini ilipozimwa maji yalirudishwa tankini yasije yakaganda kwenye mipira. Nguvu farasi zilifika 500. Safari hii kompyuta ilishusha presha yenyewe maji yakiisha, na wanunuzi wa gari la bei ile hawakuwa watu wa kusahau chupa. Hata hivyo M4 CSL ya 2022 ilikuja na nguvu farasi 550, petroli ya kawaida ya kituoni, na tanki moja.