Themostati

Fundi wa friji Kariakoo na mtengeneza pasi Gikomba wanalijua neno hili tangu zamani. Asili yake ni Kigiriki: thermos, yenye moto, na statos, iliyosimama. Kwa Waswahili wanaoishi Minneapolis au Toronto, themostati ni kile kifaa cha ukutani kinachoamua tanuri la nyumba liwake au lizime.

Wapo wanaopendelea kidhibitijoto. Ni neno zuri, maana linataja kazi yenyewe. Themostati haitoi joto, inaamuru tu. Ndiyo sababu, kwa tanuri la kawaida, kuipandisha hadi nyuzi 30 za Selsiasi hakuharakishi chochote: nyumba hupata joto kwa kasi ileile, kisha ukisahau, bili inapanda. Anayeiita “hita ya ukutani” anajipotosha.

Hata hivyo mimi natetea themostati, kwa kuwa tayari liko vinywani mwa mafundi. Upungufu wa maneno uko kwenye nyaya zake. Kwa kawaida waya wa R huleta umeme wa volti 24, W huwasha joto, Y ubaridi, G feni. Unaosumbua watu ni C, unaorudisha umeme: ukikosekana, themostati nyingi za intaneti hugoma au kioo huzimika. Napendekeza tuuite waya wa marejeo.

Nawe unayetaka kuifunga mwenyewe, kwanza kata umeme wa tanuri, kisha piga picha nyaya za zamani zilivyofungwa. Ukikuta nyaya nene za volti 120 au 240, mwite fundi umeme.