Kioo cha wanafalaki chafichua seli za jicho hai

KWA miaka mingi, mtaalamu aliyetaka kuzitazama seli za retina ya binadamu moja moja hakuwa na budi kungoja mwenye jicho afariki.

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea nuru na kuigeuza kuwa ishara za kupelekwa kwenye ubongo. Daktari akiumulika huiona mishipa ya damu, wala si seli zinazotambua rangi. Hizo, katikati ya retina, zina upana wa mikromita 2 hadi 3 tu. Milimita moja ina mikromita 1,000.

Udogo huo haukuwa kikwazo pekee. Konea na lenzi, hata za mtu asiyehitaji miwani, zina kasoro ndogo zinazoivuruga nuru, na picha huwa na ukungu.

Wanafalaki walikuwa na kilio kama hicho, maana hewa isiyotulia huvuruga nuru ya nyota. Mnamo 1953, Mmarekani Horace Babcock alipendekeza darubini iwe na kioo kinachorekebishwa umbo papo hapo. Mwaka wa 1997, Junzhong Liang, David Williams na Donald Miller wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliuhamishia ujuzi huo kwenye jicho.

Mwale hafifu hutumwa hadi kwenye retina. Unaporudi, safu ya lenzi ndogo hupima jinsi ulivyopotoshwa, kisha kompyuta hukiamrisha kioo kijipinde ili kuifuta kasoro hiyo.

Matokeo ya 1999 yalistaajabisha. Austin Roorda na Williams walichunguza wanaume wawili wenye uwezo wa kawaida wa kuona rangi. Kwa mmoja, seli za nyekundu na za kijani zilikaribiana kwa idadi. Kwa mwenzake, za nyekundu zilikuwa karibu mara 4 ya zile za kijani!

Kwa wagonjwa, faida ni nyingine. Mtu mwenye maradhi ya kurithi yanayoangamiza retina polepole aweza kuisoma vyema chati ya herufi, kumbe seli zake nyingi zimekwisha kufa. Mtambo huu huzihesabu zilizosalia, na miezi kadhaa baadaye huirudia sehemu ile ile kubaini iwapo tiba inafaa. Hata hivyo, mwenye mtoto wa jicho ni vigumu kupigwa picha hizi, kwa kuwa nuru haipenyi vizuri.