Mali Kauli

Siku mama aliporudisha ufunguo wa fremu yake ya Kariakoo, alirudi nyumbani na mkasi, kalkuleta na daftari la madeni lenye jalada gumu. Vitenge vilivyobaki alikuwa ameshavihamishia kwenye stoo ya ghorofa ya tatu, chumba anachochangia na wafanyabiashara wenzake wawili. Watu wakiuliza nani aliua duka lile, wanategemea niseme intaneti. Nasita, kwa sababu mtu wa kwanza kupiga picha vitenge vya mama na kuviweka Instagram nilikuwa mimi.

Kwanza niseme kwamba duka, katika nchi yetu, limeshatangaziwa kifo mara nyingi. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya ujamaa na ushirika yachukue nafasi yake. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, wenye maduka wakawa wanaogopa hata sabuni iliyo stoo kwao. Bajeti ya 1984 ikalegeza, ikamruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa, na chini ya Mzee Ruksa mitumba na vitenge vikajaa barabarani. Mama alianza kipindi hicho, akitandaza vitenge vyake juu ya kipande cha turubai. Fremu aliipata baadaye sana.

Kwa hiyo Jumia haikumtisha. Kampuni ile iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania. Mama alicheka siku nzima. "Nilikwambia, mwanangu. Nani anunue kitenge bila kukishika?"

Jibu lilikuwa limeshasimama mlangoni kwake, limeshika simu. Kariakoo wanamwita winga. Hana fremu, hana stoo, hana leseni. Anapita duka hadi duka akipiga picha, anazirusha kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram, anaweka cha juu chake. Mteja wa Mbezi au Mwanza akishatuma pesa, winga anakimbia dukani, anachukua mzigo kwa bei ya jumla, anamkabidhi bodaboda au anaupeleka kwenye basi. Wapo wanaochukua mzigo asubuhi na kulipa jioni. Hiyo ndiyo mali kauli: mali iliyotoka kwa neno la mdomo.

Utaratibu huo una babu zake. Karne ya kumi na tisa, Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyeshika forodha ya Zanzibar, aliwakopesha wenye misafara bidhaa na mtaji. Tippu Tip alikuwa mmoja wao. Nguo za merikani na shanga zilipanda bara kwa njia ya Bagamoyo na Tabora. Pembe za ndovu zikashuka pwani, na pamoja nazo watu waliotiwa utumwani, jambo ambalo hadithi za ushujaa wa misafara hupenda kulipita haraka. Kariakoo yenyewe imechukua jina la Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni mji wa watu wanaobeba mali za wengine. Winga hakuanguka kutoka mbinguni na simu yake.

Tofauti ni hii. Tajiri wa Zanzibar hakuhitaji kumjua mnunuzi wa Ujiji. Mama alimhitaji mnunuzi wake. Alilipia kodi ya mwaka mzima ya fremu ya chini, iliyotazama barabara, kwa sababu miguu ya watu ilipita pale. Daftari lake lilikuwa na majina kama "Mama Salome wa Temeke", "Dada wa benki", "Bibi harusi wa Agosti". Walichukua vitenge leo na kulipa mwisho wa mwezi, wengine mwisho wa mwaka, wachache hawakulipa kabisa. Muuzaji ndiye aliyemwamini mnunuzi.

Mimi niligeuza. Nilichukua kitenge kwa mama kwa 18,000, nikakiweka mtandaoni kwa 25,000, na chini yake nikaandika kwamba malipo ni kabla ya mzigo kutoka. Nilikuwa nakula uaminifu wa mama bila kumgawia mteja hata chembe. Wateja hawakulalamika. Walipenda kuletewa mlangoni, na nani anawalaumu, kwa foleni na jua la Kariakoo? Baada ya miaka miwili, Mama Salome alikuwa na namba yangu. Ya mama alikuwa ameipoteza.

Jioni moja mama aliniita, akanionyesha picha aliyotumiwa na shoga yake wa Morogoro aliyetaka ushauri: je, kitenge hiki kwa 30,000 si ghali? Picha ilipigwa juu ya kaunta ya mama. Pembeni vilionekana vidole vyake na pete yake.

"Umemjibu nini?" niliuliza.

"Nimemwambia ni kizuri. Si changu?"

Kariakoo bado imefurika. Wanaonunua kwa jumla wanatoka hadi Zambia na Kongo, na sioni dalili ya kupungua. Lakini fremu ya rejareja inayongoja mpita njia inalipa kodi ya barabara ambayo wateja wake wamehamia kwingine. Mwenye nyumba alipotaka kodi ya mwaka mwingine, mama alipiga hesabu usiku mmoja tu. Sasa anauzia mawinga kutoka stoo. Anasema faida si mbaya. Anasema pia kwamba kuna siku anashuka jioni bila kuzungumza na mtu mwenye umri wake.

Mwezi uliopita nilifungua lile daftari. Ukurasa wa mwisho una jina langu: vitenge vitatu, 54,000, haujapigwa mstari. Nilimtumia pesa hapohapo kwa simu. Baada ya dakika chache alinipigia kuuliza ni za mzigo upi, maana anataka kuandika.