Hisa za Ericsson

Hisa za Ericsson ni hisa za kampuni ya Sweden inayotengeneza mitambo ya mitandao ya simu, iliyoanzishwa Stockholm mwaka 1876 na Lars Magnus Ericsson. Huuzwa katika soko la hisa la Stockholm na, kwa hati za amana, katika Nasdaq ya New York. Hisa ya daraja A ina kura moja, ya daraja B sehemu ya kumi ya kura; ndiyo maana Investor AB na Industrivärden, kampuni za uwekezaji zenye hisa nyingi za daraja A, zina sauti kubwa kuliko mtaji wao.

Wateja ni kampuni za simu, ambazo hununua kwa wingi kizazi kipya cha mtandao kinapoingia, kisha hubana matumizi. Mkataba mmoja huweza kugeuza hesabu: ule wa AT&T wa Desemba 2023 ulikadiriwa kukaribia dola bilioni 14 kwa miaka mitano. Onyo zito zaidi kwa mwekezaji ni Vonage, kampuni ya mawasiliano ya mtandaoni iliyonunuliwa mwaka 2022 kwa dola bilioni 6.2; mwaka uliofuata Ericsson ilifuta vitabuni krona bilioni 32 hivi, hasa kwa ajili yake. Mwaka 2019 Ericsson ilikubali kuilipa Marekani zaidi ya dola bilioni 1 kumaliza kesi za rushwa, ikiwamo ya Djibouti. Kwa upande mwingine, hataza zake huleta mirabaha hata mauzo ya mitambo yanaposhuka.