Bourbon nzuri kwa bei nafuu: Lebo inasema nini?

Katika maduka ya pombe nchini Marekani, chupa mbili za bourbon zinaweza kukaa kwenye rafu moja, moja ikiuzwa kwa dola chache na nyingine kwa mamia ya dola. Je, mwenye mfuko mwembamba hana budi kuridhika na kinywaji duni? La hasha. Sheria inawabana watengenezaji wote sawasawa, na majibu mengi yako kwenye lebo.

Bourbon ni nini?

Ni wiski ya Marekani inayotengenezwa kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi. Huhifadhiwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani, nayo ndiyo yanayoipa rangi ya kahawia. Ikifika kwenye chupa, kilevi chake hakipungui asilimia 40. Jimbo la Kentucky ndilo linalosifika zaidi, lakini bourbon inaweza kutengenezwa popote Marekani.

Maneno ya kutafuta

Neno "Straight" lina maana kwamba imekaa pipani miaka isiyopungua 2, bila kuongezwa rangi wala ladha. Ikiwa haijatimiza miaka 4, umri lazima uandikwe.

"Bottled-in-Bond" ni kinga ya mnunuzi iliyowekwa kisheria mwaka 1897, enzi ambazo walaghai walichanganya pombe kali na rangi, hata maji ya tumbaku, wakaiita wiski. Bourbon ya aina hii hutoka kiwanda kimoja na msimu mmoja, hukaa miaka 4 au zaidi katika ghala lililo chini ya usimamizi wa serikali kuu, na kilevi chake ni asilimia 50. Evan Williams ya lebo nyeupe ni mfano wa bei nafuu.

Kilevi hicho kina faida kwa mfuko. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 50, ukiipunguza kwa maji hadi asilimia 40, inakupa takriban mililita 940.

Maneno ya kujihadhari nayo

"Small Batch" halina tafsiri ya kisheria, kwa hiyo tusilipe zaidi kwa ajili yake pekee. "Blended Whiskey" nayo si bourbon. Inaweza kuwa na asilimia 20 tu ya wiski halisi ya "Straight", na iliyobaki pombe nyingine.

Ghali ndiyo bora?

Si lazima. Chupa kama Pappy Van Winkle hupanda bei kwa sababu wanaoitafuta ni wengi kuliko chupa zilizopo. Umri nao huongeza gharama, maana kila mwaka sehemu ya pombe huyeyuka pipani. Lakini ikikaa mno, mwaloni huweza kuifanya chungu.

Ushauri wetu: soma lebo kabla ya bei, onja glasi moja kabla ya kununua chupa, na unywe kwa kiasi.