Herufi Ʉ na Irabu za Mpanda



Mpanda ni mji wa lugha nyingi. Wapimbwe, Wabende na Wakonongo ndio wenyeji wa sehemu hizo, na tangu miaka ya 1970 Wasukuma wamehamia kwa wingi, pamoja na mifugo yao, katika nchi ambayo tangu 2012 ni Mkoa wa Katavi. Kisukuma kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Hata hivyo, Kisukuma kimezoea kuandikwa kwa herufi zilezile za Kiswahili, na tofauti zenye kutenganisha maana huachiwa msomaji azikisie.

Wanaisimu hawakulipuuza tatizo hili. Mwaka 1978, mkutano wa UNESCO mjini Niamey ulipendekeza alfabeti ya marejeo kwa lugha za Afrika. Lakini kompyuta haihifadhi umbo la herufi, bali namba yake, na mifumo ya awali ilikuwa na nafasi zisizozidi 256, nyingi zikitumiwa na lugha za Ulaya.

Katika miaka ya 1990 nilipiga chapa msamiati niliokusanya Mpanda, kwa fonti iliyochora ʉ mahali pa alama nyingine. Karatasi ilipendeza. Diski ilipofunguliwa katika kompyuta nyingine, kila ʉ ilikuwa imerudia alama ile, na kazi yote ikaanza upya.

Mfumo wa Unicode, uliotolewa mwaka 1991, uliipa kila herufi namba yake duniani kote. Herufi ndogo ʉ ilikuwamo tangu mwanzo, miongoni mwa alama za kifonetiki. Ila fonetiki haina herufi kubwa. Kirangi cha Kondoa, kinachotumia ɨ na ʉ katika tahajia yake, kina majina ya watu na mianzo ya sentensi. Ɨ ilikuwa imekwisha kuingizwa. Ʉ ilisubiri hadi 2006 kupewa namba U+0244. Kwa miaka 15 mfumo uliitambua ʉ kuwa alama ya mtaalamu, si herufi kamili ya lugha inayoandikwa.

Udhuru wa mashine sasa umekwisha. Nawasihi wanafunzi mtakaokwenda Katavi msizibane irabu saba katika herufi tano kwa sababu ya wepesi wa kibodi. Sauti isiyoandikwa leo, wajukuu wa wasemaji hawataweza kuitafuta katika orodha zenu.