Gari Lililolala Macho

Kila mwaka senene wakianza kutua, simu yangu nayo inaanza kuita. Ni mwishoni mwa Novemba. Watoto walioko Dar es Salaam wanajiandaa kuja kula Krismasi nyumbani, na kabla hawajafunga safari wanamuuliza mama: lile gari tulilokuachia linawaka? Haliwaki. Mama anamtafuta fundi. Natoka Bukoba na mkoba wangu, nashuka Muleba, bodaboda inaniingiza migombani, na huko nalikuta: jeusi, la kifahari, limefunikwa turubai lenye majani makavu ya mgomba juu yake. Halijatembea tangu Januari.

Umeme wa magari nilianza kuushika mwaka 1985. Nikihesabu yaliyopita mikononi mwangu, naona kwamba hitilafu hufuata maisha ya gari lenyewe. Magari niliyojifunzia yaliugua kwa kazi. Haya ya leo yanaugua kwa kulala.

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Kamachumu, mfupi, mkali, aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Tulitengeneza Land Rover 109 na malori ya Bedford yaliyobeba kahawa. Barabara ya Muleba hadi Bukoba ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na Bukoba masika si neno la utani: mji huu hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Gari lilitikisika siku nzima. Nyaya zilisuguana na chesisi mpaka ganda likachubuka, zikapiga shoti. Au waya wa bodi ulilegea, moto ukakosa njia ya kurudi kwenye betri, na taa zikawaka nyekundu kama makaa yanayozimika.

Chombo chetu cha kupimia kilikuwa balbu ndogo yenye nyaya mbili, mmoja ukiwa na msumari mwishoni. Basi. Kingine kilikuwa kichwani: rangi za nyaya za magari ya Kiingereza, ambazo mzee alitukaririsha kama katekisimu. Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri. Nyeupe, moto uliopita kwenye swichi ya ufunguo. Kijani umepita swichi na fyuzi. Zambarau una fyuzi lakini hausubiri ufunguo. Bluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi bodi. Ukikosea, ulinunua soda ya gereji nzima. Na kulikuwa na mtego: magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa kinyume, upande chanya wa betri ndio uliokwenda kwenye bodi. Niliwahi kufunga redio kwenye mojawapo bila kuuliza. Moshi wake bado naukumbuka.

Lakini kabla ya balbu mzee alianza na maswali, na dereva alihojiwa kama yuko kituo cha polisi. Lilizimia wapi? Mlimani au mteremkoni? Mvua ilikuwa inanyesha? Ulikuwa umebeba nini? Kuna Land Rover moja iliyozimika kila ikikata kona ya kulia, na mafundi wawili walikwisha kubadilisha koili. Mzee aliposikia neno “kulia” hakufungua hata mkoba. Alishika waya mweupe unaokwenda kwenye koili, akauvuta kidogo. Ganda lilikuwa zima, shaba ndani imekatika. Injini ilipoinama upande mmoja ncha zikaachana. Alitoza kidogo sana, nikamlaumu. Akasema dereva ndiye aliyetafuta, yeye amesikiliza tu.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na taratibu magari madogo ya Kijapani yakaanza kuonekana, mengi yakipitia Dubai. Spea zilivuka ziwa kutoka Mwanza. Meli ndiyo ilikuwa duka letu, mpaka Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikitokea huku. Baada ya hapo, kwa muda mrefu, hakuna aliyeitaja meli kwa habari ya mizigo tu.

Toyota zilizokuwamo kati ya magari hayo ya Kijapani zilikuja na kompyuta, na kompyuta ya kwanza tuliisoma kwa kipande cha waya. Chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1, unafungua ufunguo bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mara mbili, inatulia, mara mbili tena: 22, sensa ya joto la maji. Mbili na moja: sensa ya oksijeni. Ikikonyeza mfululizo bila kutulia, haina la kulalamika. Mzee, aliyekuwa haoni vizuri tena, alinitaka nihesabu kwa sauti. Alicheka: gari sasa linajibu lenyewe, dereva hana kazi.

Halikujibu yote. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilitangaza mfumo wa CAN, nyaya mbili zilizosokotwa ambazo kompyuta zote za gari hupitishiana habari humo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mercedes S-Class ikawa kati ya magari ya kwanza kuutumia. Kwetu ulifika miaka mingi baadaye, magari hayo yaliposhuka bei. Katika soketi ya kupimia yenye pini 16, nyaya hizo kwa kawaida huwa namba 6 na 14. Ondoa betri, pima kati yake: ukipata omu 60, njia ni nzima, ukipata 120, kuna mahali imekatika. Vijana wangu wanachomeka mashine kwanza. Betri ikiwa dhaifu, kila kompyuta inalia, mashine inaorodhesha makosa ishirini, na kijana anataka kuagiza sensa ishirini. Chaji betri kwanza, mjukuu wangu, ndipo usome.

Narudi Muleba, kwenye lile jeusi. Betri yake iko ndani ya buti, na buti hufunguka kwa umeme, kwa hiyo betri ikifa inajifungia na mganga wake nje. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma. Mama alikuwa ameuhifadhi kwenye kibweta pamoja na kadi za kliniki za wajukuu. Tukafungua, tukaazima betri ya Noah ya jirani. Nikaunga mita kati ya betri na waya wa hasi, nikabonyeza kitasa cha buti kwa bisibisi ili gari liamini limefungwa, rimoti nikaipeleka jikoni. Kisha nikangoja dakika arobaini nikila ndizi, maana kompyuta hizi hazilali mara moja.

Gari lililolala vizuri hunywa chini ya ampea 0.05. Hili lilikuwa kwenye 0.62 na halikushuka. Hiyo ni kama ampea-saa 15 kwa siku. Betri ya 95 haimalizi wiki. Sikuchomoa fyuzi, kwa sababu ukichomoa unaliamsha. Nilipima volti ndogo juu ya migongo yake, moja baada ya nyingine, mpaka iliyokuwa inapitisha moto. Nikainua zulia la buti. Maji. Mpira wa taa ya nyuma umekauka kwa jua, mvua ya miezi kumi na moja imeingia, na plagi ya kompyuta ya nyuma imeota kutu ya kijani. Hiyo moja ilikuwa macho, ikiwaamsha wenzake usiku kucha.

Nilisafisha kwa spiriti na mswaki, nikakausha, nikaziba taa. Giza lilikuwa limeingia, senene wakigonga tochi yangu. Mita ikasoma 0.03.

“Sasa limelala?” mama akauliza.

“Limelala, mama.”

“Basi sema polepole, waitu.”